Jibu: Mtindi wa kakao unaotoa maji na madonge

Habari ndugu. Umesema mtindi wako wa kakao ukilala kwenye friji unaachia maji, madonge hayaishi, na kila ukiongeza kakao unazidi kuwa mchungu. Kakao acha kwanza, angalia mtindi.

Haujachujwa. Chukua lita 1 ya mtindi usio na sukari, mimina kwenye kitambaa safi cha pamba juu ya chujio, weka kwenye friji saa 8. Usiuning'inize jikoni, kwa joto letu la Mwanza utachachuka kupita kiasi. Utabaki mzito kama siagi laini, wenye protini gramu 30 hivi. Maji yake pikia uji.

Madonge yanatokana na kukoroga kakao kavu kwenye kitu cha baridi. Vijiko 3 vya chakula vikoroge kwa maji ya moto kidogo mpaka viwe rojo, acha ipoe, ndipo uchanganye. Soma kopo pia: kakao ya kunywa mara nyingi ina sukari tayari.

Utamu, ndizi 1 mbivu sana iliyopondwa. Siagi ya karanga kijiko 1, chumvi chembe tu. Asali mimi ningeiacha, inalegeza.