Mwenye kisukari akianza kuongea kama mlevi

Asubuhi ile kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mjomba wangu alikuwa ameketi juu ya gunia la dagaa, jasho linamtiririka ilhali upepo wa ziwa bado wa baridi. Nikamsalimia, "Mwangaluka, mjomba." Akanitazama kama hanijui. Kijana wa mkokoteni akacheka: "Mzee kaanza mapema leo!" Mjomba hajaonja pombe maisha yake. Ana kisukari: alijichoma insulini, dawa ya kushusha sukari, alfajiri, mitumbwi ikachelewa, na chai akaisahau.

Nilipokimbilia soda, mama ntilie akanishika mkono. "Mwenye sukari unampa soda? Utamuua!"

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 (mmol/L, kipimo cha mashine), ubongo unakosa chakula: mtu anatetemeka, analowa jasho, anaropoka, pengine anakuwa mkali. Dawa yake ni sukari, tena upesi. Nusu chupa ya soda ya kawaida (ile isiyo na sukari haisaidii kitu), au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15. Kama bado, rudia. Akizinduka, ale mkate au ndizi, maana sukari ya soda haikawii kuisha.

Mimi nilichemka kwenye kupima. Kidole cha mjomba kilikuwa kimemwagikiwa soda, mashine ikasoma 14. Kumbe tunapima soda! Tulipomnawisha ikasoma 3.4, akanywa tena.

Akizimia, usimtie chochote mdomoni, hata maji, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu, tafuta gari, siyo bodaboda, mwende hospitali. Anayetumia vidonge vya kisukari vya glibenklamidi apelekwe hata akizinduka, kwani sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye.

Sukari kupanda kwa kawaida huja polepole: kiu, kukojoa mara kwa mara, kisha kutapika na kuhema kwa nguvu, pumzi inanukia matunda. Huyo ni wa hospitali, na usimkisie dozi ya insulini. Huna mashine na hujui ni ipi kati ya hizo mbili? Kama yuko macho na anameza, mpe sukari huku mkitafuta usafiri. Iliyoshuka haisubiri.

Mjomba sasa anatembea na glukosi ya unga kwenye koti. Msimamizi wake ni yuleyule mama ntilie: hamruhusu kusogelea mnada kabla hajamaliza uji.