Usiniulize dawa kali: majibu kuhusu panya wa bustanini

Mahindi yamevunwa, mabua yamekauka, na kuanzia sasa hadi vuli bustani ya kumwagilia ndiyo mahali pekee panapobaki kijani. Panya waliokuwa wametapakaa mashambani wote wanahamia huko. Maswali yamekuwa mengi. Nimechagua haya kwa sababu yanagusa makosa tunayoyarudia mwaka hadi mwaka.

Nina nyanya na bilinganya robo eka, panya wananimaliza. Nitajie dawa kali kuliko zote. (Kijana wa Kihonda, Morogoro)

Kijana wangu, hujaniambia kama kinacholiwa ni tunda, mche au mzizi. Hujasema kama umeona shimo, wala kama shimo hilo liko wazi au limezibwa kwa udongo. Barua za namna hii hunijia kila wiki na zote zina neno moja: kali. Shida yetu haijawahi kuwa upungufu wa ukali.

Ile sumu ya vipakiti inayouzwa stendi na magulioni pamoja na dawa za mende na kunguni haina lebo, haina jina la kiambato, haina tarehe. Mara nyingi ni fosfidi ya zinki, unga wa kijivu mweusi unaonuka kama kitunguu saumu. Ikifika tumboni hukutana na asidi ikatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haina dawa ya kuiua nguvu. Wakati mwingine ndani ya kipakiti kuna kiuatilifu cha wadudu kilichofungwa upya na mtu asiyejua hata jina lake. Wewe unakichanganya na unga, unakitandaza chini ya mboga utakazokula na kuwauzia wenzako.

Niliwahi kuitwa asubuhi kwa jirani. Mbwa wake wawili walikuwa wamelala wamekakamaa uani, na mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa anatembea kati ya matuta ameshika kipande cha muhogo alichokiokota chini ya mnyanya. Alikuwa hajakitia mdomoni. Miguu yangu iliniisha nguvu, na mama yake aliketi chini akalia. Panya walirudi wiki hiyohiyo kutoka kwenye kichaka cha ng'ambo ya mfereji.

Na hilo la kurudi ndilo la kulielewa. Panya akionja sumu kidogo akaugua bila kufa, haigusi tena. Waliokufa nafasi yao huchukuliwa na wengine kutoka kwenye nyasi za mpakani. Kwa hiyo anza na mpaka: fyeka walau mita tatu kuzunguka bustani, ondoa marundo ya mabua, mbao na mawe, okota nyanya zilizoanguka kila jioni. Panya haogopi dawa yako, anaogopa kuvuka uwanja mtupu ambako bundi na mwewe wanamwona. Kisha tega. Ikiwa umevamiwa kweli na mitego imezidiwa, mwone afisa ugani, nunua duka la pembejeo dawa yenye lebo na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, uiweke ndani ya kisanduku ambacho kuku na mtoto hawawezi kukifikia. Na ikitokea mtu amekula sumu, usimkalishe nyumbani ukimnywesha maziwa. Mkimbize hospitali, na kipakiti uende nacho mkononi.

Nyanya au tikiti likiwa limeng'atwa kidogo tu, naweza kukata palipoliwa nikauza panapobaki? (Mama lishe, Kibaha)

Hapana, mama. Tupa lote, na usilitupe kwenye rundo la mbolea lililo wazi, lifukie.

Panya akila hukojoa palepale, na mkojo wake unaweza kubeba vijidudu vya homa ya mgunda. Mnakumbuka Julai 2022 kule Ruangwa, mkoani Lindi: watu 20 waliugua na 3 wakafariki kabla ugonjwa haujajulikana ni nini. Mgunda ni shamba, jina lenyewe linakuambia ugonjwa unakopatikana. Vijidudu hivyo huishi kwenye maji yaliyotuama na tope, huingia kupitia michubuko ya ngozi na macho. Ninyi mnaomwagilia pekupeku huku mna vidonda miguuni, vaeni buti. Na ukipata homa kali, maumivu ya misuli ya mashavu ya miguu na macho mekundu, mwambie daktari kwamba unafanya kazi bustanini kwenye panya. Asipoambiwa atatibu malaria peke yake.

Karoti na viazi vinakauka juu, nikivuta mche nakuta mzizi umeisha. Kuna vilima vya udongo lakini sioni shimo hata moja. Nimetega mitego ya dagaa wiki mbili bila kitu. (Mzee wa Arumeru)

Shikamoo mzee, na ahsante kwa kueleza vizuri. Wangeuliza wote hivi kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Huyo si panya wa kawaida, ni fuko. Hali dagaa, wala hatoki nje kutafuta chambo. Anaishi chini, macho madogo, meno ya mbele yamejitokeza nje ya midomo, na kwa meno hayo anachimba mdomo ukiwa umefungwa asimeze udongo. Chakula chake ni mizizi na viazi, na anavikusanya ghalani kwake.

Udhaifu wake ni mmoja: havumilii njia yake ikiwa wazi. Chimbua taratibu kati ya vilima viwili vya karibuni hadi uikute njia, ifungue, upepo na mwanga viingie. Atakuja kuiziba, mara nyingi ndani ya saa chache. Hapo ndipo wazee wetu walipotega kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye ufito uliopindwa: fuko akisukuma udongo, ufito unafyatuka. Tega pande zote mbili za njia, maana hujui atatokea wapi. Kijijini kwenu hakosi mtegaji mmoja anayeijua kazi hii, mlipe akufundishe na wajukuu wako wakiwa wanaona, kwa sababu ufundi huu unazikwa na wazee wake.

Usimwage dizeli wala oili chafu kwenye mashimo. Fuko ataziba kipande hicho ahamie kingine, nawe utabaki na udongo usioota kitu. Kwa kitalu kidogo, tandika wavu wa chuma chini ya tuta kabla ya kulijaza. Gharama yake ni ya mara moja.

Kuna kipanya cha pua ndefu, kinanuka, nakikuta kwenye matandazo ya sukuma wiki. Nakiuaje? (Msomaji wa Iringa)

Usikiue. Huyo ni kirukanjia, si panya hata kidogo. Hali mboga zako, anakula wadudu, minyoo na mabuu. Aliyekuambia mnyama yeyote mdogo mwenye mkia ni adui wa bustani hakukufundisha.

Kile kifaa cha kuchomeka kwenye umeme kinachotoa sauti ya kuwafukuza panya, kinafaa bustanini?

Hapana. Nunua mitego kwa fedha hiyo.

Bundi ameanza kukaa kwenye mwembe wetu kando ya bustani. Mama mkwe anataka apigwe kabla hajaleta msiba. (Dada wa Mlali)

Dada, mheshimu mama mkwe wako, lakini tafadhali msimpige huyo ndege. Nimeona mti uliokuwa na jozi ya bundi ukikatwa kwa hofu hii, na msimu uliofuata wenye shamba hilo wakalalamika kwamba panya wameongezeka. Bundi anawinda usiku, saa zilezile panya shamba anatembea. Humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa ikiwa imefungamana kama donge. Mchukue mama mkwe asubuhi mwende chini ya mwembe, mwokote donge moja, mlivunje kwa kijiti. Atahesabu mafuvu ya panya kwa macho yake. Hoja hiyo ina nguvu kuliko maneno yangu.

Bundi huja palipo na panya, kama vile mvuvi aendavyo palipo na samaki. Mkitaka akae, simikeni nguzo mbili tatu zenye kipande cha mti kilicholala juu, katikati ya bustani, apate pa kutua. Na hapa narudi kwa kijana wa Kihonda: panya aliyekula sumu hutembea amelegea, ndiye rahisi kukamatwa, na bundi au paka akimla naye anaweza kuumia.

Nimekuta panya sita wamekufa bustanini, nami sijaweka sumu. Niwazike? (Msomaji wa Lushoto)

Wewe hasa usiwaguse kwanza. Uliza majirani kama kuna aliyetega sumu. Kama hakuna, toa taarifa zahanati au kwa mwenyekiti wa kijiji leo hii.

Lushoto mnajua tauni kuliko mimi. Iliingia huko mwaka 1980 na ikawatesa watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Tauni huua panya kwanza. Mwili ukipoa viroboto huuacha, wakatafuta damu nyingine, na miguu yako ndiyo iliyo karibu. Watoto wasiwachezee, mbwa afungwe. Yeyote atakayepata homa ya ghafla na uvimbe kinenani au kwapani apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu tauni inatibika kwa antibayotiki ikiwahiwa.

Paka wangapi wanatosha kwa nusu eka?

Mmoja mwindaji atakusaidia kuzunguka nyumba na ghala. Panya wakifurika shambani, hata watano hawatafua dafu. Ila paka hupenda kuzika kinyesi kwenye udongo laini, yaani kitalu chako cha mchicha. Osheni mboga kwa maji mengi, na mama mjamzito asipalilie hapo bila glavu.

Mwaka juzi panya walifukua mbegu zote za mahindi na maboga, nikapanda mara tatu. Mitego nianze kutega lini? (Mkulima wa Kilosa)

Swali la maana, na jibu lake ni: mapema kuliko unavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamemfuatilia panya shamba hapo Morogoro tangu miaka ya 1980. Jike lake lina chuchu hadi 24, mimba ni siku 23, na kwa wastani huzaa watoto kumi na moja hivi kwa mkupuo. Huanza kuzaa mwezi mmoja hivi baada ya masika kuanza, nyasi zikishatoa mbegu. Idadi hupanda hadi kilele cha Septemba mpaka Novemba, halafu hushuka. Februari wanakuwa wachache kabisa.

Wakulima wetu hutega Oktoba, wakati panya wamejaa, na hupumzika Februari. Ifanyeni kinyume. Majike wachache wa Februari ndio mama zao wote watakaowatesa Oktoba. Tena vuli ikianza mapema na mvua nyingi, jiandaeni, watazaa nje ya msimu wao na mwaka unaofuata utakuwa mgumu. Pandeni siku moja na majirani, maana shamba linalopandwa peke yake ndilo linalofukuliwa. Hatari kubwa ni tangu mbegu kuingia ardhini hadi mche kufikisha wiki mbili. Siku hizo lala mapema, uamke kukagua mitego.

Nimetega siku tatu kwa ugali, sijapata hata mmoja. (Wengi mno)

Ugali hukauka ukawa jiwe. Twanga karanga za kukaanga na dagaa, fanya kidonge, kifunge kwa uzi kwenye ulimi wa mtego ili asikinyakue na kukimbia. Weka mtego ukikingama njia yake, si katikati ya tuta, bali pembeni, kwenye ukuta, ua au mfereji, palipo na alama za miguu na mavi. Mtego mmoja kwa robo eka ni kujichosha, weka kumi usiku mmoja. Kama ni yule panya wa nyumbani mwenye mkia mrefu, huogopa kitu kigeni: mwachie chambo kwenye mtego usiofyatuka usiku mbili, wa tatu ndio utege. Tega jua likizama, tegua kabla halijachomoza, njiwa na vidole vya watoto visinaswe. Mzoga ushike kwa mfuko wa plastiki, ufukie, nawa kwa sabuni. Andika idadi ya kila asubuhi. Ukipata sifuri siku tatu mfululizo, hamishia mitego yote upande wa pili wa bustani.