Maswali ya Wasomaji: Kisiwa Kimoja, Bendera 78

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, salaam aleikum. Mimi ni baharia mstaafu. Kijana wangu anafanya kazi katika meli za watalii zinazozunguka visiwa vya Karibi, na juzi alinitumia picha kutoka Puerto Rico. Mbele ya jengo la serikali ya mji zilikuwa zikipepea bendera tatu: ya Marekani, ya Puerto Rico, na ya tatu ambayo anasema ni ya mji wenyewe. Mimi nikidhani kisiwa ni kimoja na bendera ni moja. Je, kila mji una yake? Na kama ndivyo, mbona Likoni yetu haina?
Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wetu. Kijana hakukosea. Puerto Rico imegawanywa katika manispaa 78, na kila manispaa ina bendera na ngao yake, kuanzia San Juan, mji mkuu, mpaka Culebra, kisiwa kidogo cha upande wa mashariki ambacho, kama jirani yake Vieques, ni manispaa kamili ijapokuwa kimezungukwa na maji pande zote. Mona, kisiwa kilicho upande wa magharibi, hakina wakaazi wa kudumu, na kwa hiyo kimewekwa chini ya manispaa ya Mayagüez.

Wingi huo wa bendera hauelezeki mpaka tutazame kwanza nani anatawala nini. Kisiwa kilitoka mikononi mwa Hispania na kuingia mikononi mwa Marekani mwaka 1898, na tangu mwaka 1952 kina katiba yake ya ndani. Chini ya serikali ya kisiwa hakuna mkoa wala wilaya yenye watawala wake; ukishuka ngazi moja tu unaikuta manispaa. Kila baada ya miaka minne wakaazi wake humchagua meya pamoja na baraza la kutunga sheria ndogondogo, nayo manispaa hukusanya kodi zake na kupanga bajeti yake. Chini yake zipo sehemu ziitwazo barrio, ambazo hutumika katika ramani, anwani na sensa, lakini barrio haina meya, haina baraza wala haina mfuko wa fedha.

Kwa ufupi, bendera ya kiserikali hufuata mamlaka, haifuati ukubwa wa mahali wala umaarufu wake. Florida ilikuwa sehemu ya manispaa ya Barceloneta mpaka mwaka 1971, ilipopewa hadhi ya manispaa, na leo ina bendera kama wenzake. Río Piedras ilikwenda kinyume: ilikuwa manispaa kamili, ikaunganishwa na San Juan mwaka 1951, na sasa ni eneo mojawapo la mji mkuu huo, pamoja na chuo kikuu chake na soko lake.

Mwambie kijana aitazame vizuri ngao iliyochorwa kwenye bendera, hasa lile taji lenye umbo la ukuta wa ngome lililo juu yake. Likiwa na minara mitatu, huo ni mji wa kawaida. Likiwa na mitano, mahali hapo pana hadhi ya jiji. Akifika Ponce, upande wa kusini, atakuta rangi nyekundu na nyeusi pamoja na simba, kwa kuwa jina la mji huo linahusishwa na ukoo wa Ponce de León, na "león" ni simba. Ngao ya kisiwa kizima ni ya zamani zaidi, kwani ilitolewa na ufalme wa Hispania mwaka 1511, nayo inaonyesha mwanakondoo aliyelala juu ya kitabu chekundu chenye mihuri saba, kwa heshima ya Yohana Mbatizaji, ambaye Wahispania walikiita kisiwa kwa jina lake. Kwa maoni yangu, bendera nyingi za manispaa hizo zina kasoro moja, nayo ni kujazwa vitu: minara, mito, miwa, mataji na maandishi, ilhali bendera, kama ujuavyo wewe baharia kuliko mimi, hutengenezwa ili itambuliwe kwa mbali.

Wala usidhani kwamba bendera zimepepea huko kwa raha siku zote. Sheria iliyopitishwa mwaka 1948 ili kuwanyamazisha wapigania uhuru ilimfanya mtu aliyeonyesha bendera ya Puerto Rico, ile yenye mistari mitano na nyota moja, kuwa mhalifu wa kufungwa jela. Miaka minne baadaye bendera hiyohiyo ikafanywa rasmi, na sheria yenyewe ikafutwa mwaka 1957. Hata hivyo, meli ya kigeni inayoingia San Juan hupandisha kwa heshima bendera ya Marekani, kama ile inayoingia Kilindini inavyopandisha ya Kenya. Ya kisiwa na ya manispaa hazimo katika utaratibu huo wa bahari.

Sasa tuje Likoni. Kenya ina kaunti 47, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwe na bendera, nembo na muhuri wake, baada ya kuwashirikisha wananchi na kupata idhini ya bunge la kaunti. Mombasa inayo yake. Likoni, kwa upande wake, ni kaunti ndogo, moja kati ya sita pamoja na Mvita, Nyali, Kisauni, Changamwe na Jomvu, na msimamizi wake huajiriwa na kaunti, hachaguliwi na watu. Mnapiga kura, naam, lakini mbunge wenu huenda kuketi Nairobi, na wawakilishi wa wadi zenu tano, yaani Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Likoni na Timbwani, huvuka kivuko kwenda kuketi katika bunge la kaunti kisiwani. Likoni kama Likoni haina baraza lake, na kwa sababu hiyo haina bendera.

SWALI: Nina jamaa zangu Mayotte. Je, huko nako kila mji una bendera yake?
Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Mayotte, visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyo chini ya Ufaransa na ambavyo wenyewe huviita Maore, ina wilaya ndogo 17 za aina ya Kifaransa, kila moja ikiwa na baraza la kuchaguliwa na meya anayetokana na baraza hilo. Mji mkubwa ni Mamoudzou, na kile kisiwa kidogo cha mashariki kimegawanywa kati ya Dzaoudzi na Pamandzi. Mamlaka basi yapo, lakini katiba ya Ufaransa inataja bendera moja tu, ile ya buluu, nyeupe na nyekundu, na tangu Mayotte iwe jimbo kamili la Ufaransa mwaka 2011 ndiyo bendera rasmi hapo pia. Ile nyeupe yenye ngao iliyoshikwa na farasi wawili wa baharini, ambayo huenda umeiona kwa jamaa zako, inatumika sana ingawa haina hadhi ya bendera ya taifa. Kanuni niliyoieleza juu, kwa hiyo, ina mpaka wake: mamlaka ya mji hufungua mlango, lakini dola iliyo juu inaweza kuufunga nusu.

SWALI: Sisi vijana wa wadi moja huku Kisauni tunataka kubuni bendera ya wadi yetu. Tutavunja sheria?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Vijana wangu, timu za mpira na vikundi vya vijana hupeperusha bendera zao kila siku bila tatizo. Jihadharini na mambo mawili. Msiiite bendera ya serikali ya wadi, kwa kuwa serikali hiyo haipo. Pili, msiige rangi na ngao ya bendera ya taifa, kwani hata kaunti zimekatazwa kubuni alama zinazofanana na za taifa, na bunge lilikaza kamba zaidi mwaka 2014 lilipowazuia magavana kupeperusha bendera ya Kenya kwenye magari yao. Mkikosa mchoro, waulizeni wazee wa Miji Kumi na Miwili, yaani jamii za Waswahili wa Mombasa zilizogawanyika pande mbili, Thelatha Taifa (matatu) na Tisa Taifa (tisa), namna Mombasa ilivyojigawa kabla ya kuwako wadi wala kaunti. Kila upande ulikuwa na tamimu wake, yaani kiongozi wake, na mengi ya kuchora yamo humo. Chagueni kitu kimoja tu, na rangi zisizozidi tatu.