Kikosi cha Chipukizi Kinahitaji Wakongwe Mapema, Ila Usiwanunue kwa Chaguo za Drafti

Kila drafti ya NBA inapokaribia, yaani ile zamu ya timu za ligi ya kikapu ya Marekani kuchagua chipukizi mmoja mmoja, mabishano huwa yale yale. Kuna wanaotaka timu ivumilie vipigo misimu miwili mitatu ili ipate chaguo la juu, kwa kuwa timu mbovu hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mapema, na kuna wanaotaka asajiliwe mkongwe sasa hivi, timu ianze kuheshimika. Nimefundisha vikosi vya vijana kwa miaka mingi, kwanza nikiwa kocha msaidizi, baadaye nikiwa na timu yangu, na NBA naifuatilia kwa karibu kwa sababu pale kila uamuzi una tarehe yake na matokeo yake hayafichiki. Ushauri wangu kwa anayejenga kikosi cha vijana ni huu: kipaji kitafute kwenye drafti, lakini mkongwe mlete mapema, kwa sababu bila yeye hutajua kipaji ulichonacho ni cha aina gani.

Nasisitiza hapo mwisho. Wengi humtaka mkongwe ili awashindie mechi. Akizishinda, vizuri, lakini kazi yake kubwa kwenye timu changa ni kuuweka mchezo sawa ili wewe kocha au meneja uone nani anajua na nani anabahatisha.

Tuanze na drafti yenyewe, maana watu huizungumzia kama vile ukifungwa sana umeshalipia tiketi. Zamu hupangwa kwa bahati nasibu, na kwa mfumo ulioanza 2019 timu tatu zenye rekodi mbovu zaidi zinagawana nafasi sawa ya kupata chaguo la kwanza, asilimia 14 kila moja. Zamani timu ya mwisho peke yake ilikuwa na asilimia 25. Isitoshe, kwa mfumo huo timu ya mwisho inaweza kuporomoka hadi chaguo la tano, na hilo si jambo la nadharia tu. Detroit Pistons walimaliza mkiani mwaka 2023 wakaangukia la tano. Wakamaliza mkiani tena 2024, wakaangukia la tano tena. Utah Jazz walishinda mechi 17 tu msimu wa 2024-25 na yakawakuta hayo hayo, huku Dallas Mavericks, waliokuwa na nafasi ya asilimia 1.8, wakiondoka na chaguo la kwanza na kumchukua Cooper Flagg. Upande mwingine, Giannis Antetokounmpo alichukuliwa wa 15 mwaka 2013, na Nikola Jokić wa 41 mwaka 2014. Kwa hiyo kufungwa kwa makusudi si mpango. Ni kucheza bahati nasibu.

Lakini hata ukimpata kijana uliyemtaka, kuna saa inayokimbia ambayo mashabiki wengi hawaitazami. Mkataba wa mchezaji aliyechaguliwa raundi ya kwanza ni wa miaka minne, na miwili ya mwisho ni hiari ya timu. Baada ya msimu wa tatu tayari unaruhusiwa kumpa mkataba mpya, na wakala wake atakuwa mlangoni. Maana yake una misimu mitatu ya kumsoma. Misimu hiyo ikipita ndani ya timu ambayo hakuna anayejua asimame wapi, unakuja kusaini mamilioni kwa kununua mbuzi kwenye gunia.

Takwimu za timu mbovu hudanganya. Philadelphia 76ers chini ya meneja Sam Hinkie walishinda mechi 19 msimu wa 2013-14, kisha 18, kisha 10. Michael Carter-Williams alikuwa chipukizi bora wa ligi mwaka 2014 akiwa na timu hiyo, na Februari 2015 wakamuuza. Jahlil Okafor, chaguo la tatu la 2015, alifunga wastani wa pointi 17.5 katika msimu wake wa kwanza, ule wa mechi 10. Namba nzuri mno. Miaka miwili baadaye alikuwa ameshaondoka, na hakuwahi kuwa nguzo ya timu yoyote. Pointi zilikuwa za kweli, ila zilifungwa katika mechi ambazo wapinzani walikuwa wameshazimaliza. Mkongwe Elton Brand waliyemleta awe kaka mkubwa wa vijana alifika Januari 2016, msimu wa tatu wa mateso, wakati mengi yalikuwa yameshaharibika.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Tulikuwa na kijana gadi, mwepesi, mikono mirefu, lakini kila mechi mtu wake anampita. Mpinzani anawekewa skrini, yaani mwenzake anasimama kama ukuta kumzuia mkabaji, kijana anajibamiza nayo kifua kwa kifua na kubaki hapo, huku mwenye mpira yuko chini ya ringi tayari. Kila aliyemtazama alisema ni mvivu wa kukaba. Kisha tukampata senta mtu mzima, magoti yamechoka, hawezi tena kukimbia uwanja mzima mara tatu mfululizo. Lakini alikuwa na sauti. Skrini haijasimama vizuri, yeye ameshapaza: "Kulia kwako! Pita juu!" na mkono wake wa kushoto uko mgongoni mwa kijana, unamsogeza nusu hatua. Ndani ya muda mfupi yule yule aliyeitwa mvivu akawa anaipita skrini bega lake likiwa mbele, anamkuta mtu wake kabla hajainua mpira. Siku moja mazoezini nilimsikia kijana akimwambia yule senta, "Kaka, niite mapema zaidi kidogo, nitampora kabisa."

Uvivu haukuwapo kabisa. Senta aliyekuwa akicheza nyuma yake kabla ya hapo naye alikuwa mtoto, anahangaika na mtu wake mwenyewe, hana pumzi ya kuongea. Tungeweza kumwacha kijana yule aondoke na tusingejua tumempoteza nani.

Mkongwe huyo huyo alitufumbulia na jambo la upande wa pili. Pasi zilipoanza kufika kwa wakati na nafasi za wazi zikapatikana kwa watu wote, ikaonekana kwamba mfungaji wetu mkubwa alikuwa akipiga mipira migumu kwa kupenda, hata mwenzake akiwa wazi pembeni. Mwanzoni ungedhani hana njia nyingine.

Sasa angalia Houston Rockets, maana sijaona mfano ulionyooka kama huu. Misimu mitatu mfululizo walishinda mechi 17, 20 na 22. Walikuwa na Jalen Green, chaguo la pili la 2021, Alperen Şengün wa 16 mwaka huo huo, na Jabari Smith Jr., chaguo la tatu la 2022. Vipaji vilikuwapo, na timu haikueleweka. Mwaka 2023 wakamwajiri kocha Ime Udoka, wakawasajili wakongwe Fred VanVleet na Dillon Brooks. Msimu uliofuata walishinda 41, kisha 52 na kushika nafasi ya pili Kanda ya Magharibi.

Ushindi huo ni mtamu, lakini mimi nilikuwa nafuatilia kitu kingine. Oktoba 2024, baada ya msimu mmoja tu wa kuwatazama vijana wao ndani ya timu iliyopangika, Rockets walimpa Şengün mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 185, na Green wakampa miaka mitatu. Kiangazi cha 2025 Green akawa sehemu ya mapatano ya kumleta Kevin Durant. Yaani yule wa 16 ndiye aliyebaki nguzo, na yule wa pili akaondoka. Ukiniuliza kama wangeyajua hayo kwa uhakika wakiendelea kushinda mechi 20 kwa msimu, nakwambia hapana.

Detroit nao. Msimu wa 2023-24 walishinda mechi 14 na walipoteza 28 mfululizo, na watu walishaanza kuuliza kama Cade Cunningham, chaguo la kwanza la 2021, ni mchezaji wa kujengea timu kweli. Kiangazi kilichofuata wakaja kocha mpya J.B. Bickerstaff na wakongwe Tobias Harris, Tim Hardaway Jr. na Malik Beasley. Hakuna nyota mkubwa hapo. Ni watu wanaojua kusimama pembeni, kutupia mpira unapofika, na kurudi kukaba. Timu ikashinda 44 na kuingia mchujo kwa mara ya kwanza tangu 2019, na Cunningham akachaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi (All-Star) kwa mara ya kwanza. Kipaji chake hakikuzaliwa kiangazi kile. Alikuwa amepata uwanja wenye nafasi ya kupumua.

Linakuja suala la malipo, na hapa ndipo timu huumia. Mkongwe mlipe kwa pesa, usimlipe kwa chaguo za drafti, angalau mpaka utakapojua nguzo zako ni nani. Brooklyn Nets mwaka 2013 waliwachukua Kevin Garnett aliyekuwa na miaka 37 na Paul Pierce mwenye 35, wakaipa Boston chaguo zao za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, pamoja na haki ya kubadilishana za 2017. Walipata ushindi wa raundi moja ya mchujo. Boston walimpata Jaylen Brown kwa chaguo la 2016, na lile la 2017, baada ya kushuka ngazi mbili kwa mapatano na Philadelphia, likawaletea Jayson Tatum. Mwaka 2024 wawili hao walinyanyua kombe wakiwa na Boston, wakati Nets walishapitia misimu ya kushinda 21 na 20 bila hata faraja ya chaguo zao wenyewe.

Pesa, kwa upande mwingine, timu changa huwa nayo. Mishahara ya chipukizi ni midogo ukilinganisha na ya nyota, na NBA inaitaka kila timu itumie angalau asilimia 90 ya kiwango cha mishahara kilichowekwa. Fedha zitatoka tu. Afadhali zitoke kwa VanVleet, tena kwa mkataba mfupi: wake ulikuwa wa miaka mitatu, na mwaka wa tatu ulikuwa hiari ya timu. Mkongwe wa mkataba wa miaka miwili ni msaada. Mkongwe wa mkataba wa miaka mitano kwenye timu ya watoto wa miaka 20 ni mzigo, na utalipa chaguo kumwondoa.

Atakayenipinga atanitajia Oklahoma City Thunder, mabingwa wa 2025, kikosi cha vijana watupu. Namheshimu, lakini aisome hadithi yote. Shai Gilgeous-Alexander alifika Julai 2019 katika mauzo ya Paul George, na msimu wake wa kwanza pale alicheza bega kwa bega na Chris Paul, timu ikashinda 44 na kufika mechi ya saba ya mchujo dhidi ya Houston. Kuanguka kwao, mechi 22 kisha 24, kulikuja baada ya hapo, wakati tayari wanajua Shai ni nani. Chet Holmgren na Jalen Williams walichaguliwa 2022 wakamkuta mtu wa kumfuata. Na kiangazi cha 2024, wametoka kushinda 57, bado walienda kumchukua mkabaji mzoefu Alex Caruso kwa kumtoa Josh Giddey, chaguo la sita la 2021, na kumsajili senta Isaiah Hartenstein kwa pesa. Wakashinda 68, kisha ubingwa.

Mkongwe wa aina gani? Mimi natafuta wawili wa kwanza kabla ya wengine: mwenye kuongoza mashambulizi, na mtu mrefu mwenye sauti kwenye ulinzi. Mpira unaanzia kwa yule, hatari inaishia kwa huyu, na vijana wote wako katikati yao. Chris Paul alipojiunga na San Antonio Spurs mwaka 2024 akiwa na miaka 39, alicheza mechi zote 82. Nyota wao kijana, Victor Wembanyama, alianza kupata pasi pale anapozitaka, na ushindi ukapanda kutoka 22 hadi 34. Aliyekaa benchi na suti akitoa mawaidha hawezi kufanya hivyo. Najua mkongwe Udonis Haslem alikaa Miami misimu 20 na ya mwisho hakucheza sana, lakini Miami ilikuwa na utaratibu uliojengwa miaka mingi. Timu changa haina. Inamtaka mtu atakayeonyesha kwa mwili wake, katikati ya mechi, dakika ileile kosa linapotokea.

Nakimbia mkongwe ambaye bado anahesabu mipira anayopiga. Anaweza kuwa bora kuliko wote kikosini, na bado akakuharibia, kwa sababu atachukua zile nafasi ambazo ulitaka kumpimia kijana. Kwa hiyo mazungumzo ya mkataba ndiyo mahali pa kusema wazi: dakika zako zitakuwa kati ya hizi na hizi, robo ya nne mpira utakuwa mikononi mwa fulani, na msimu wa pili zitapungua. Niliwahi kumwambia hivyo mchezaji aliyenizidi sifa mbali, uso kwa uso, na akauliza swali moja tu, kijana mwenyewe anafika mazoezini saa ngapi. Huyo nilimsaini. Anayeanza kubishana kuhusu dakika kabla hajawaona vijana wenyewe, muage kwa heshima na uendelee kutafuta.