Kabla hujakata tawi la mkahawa, jua unalikatia nini

Jamani naomba tuongee hili la kupogoa kahawa, maana kila tukimaliza kuchuma huku Moshi vijijini unaona watu wameingia shambani na mapanga, wananyoa tu, na mwenye shamba anafurahi eti limekuwa safi. Mi inaniuma kweli.

Arabika, hii aina ya kahawa tunayolima huku, haizai mara mbili palepale. Maua yanatoka kwenye ile sehemu ya tawi iliyokua msimu uliopita, kwa hiyo ukikata ncha ovyo umeshakata kahawa ya mwakani. Mi kabla sijagusa mkasi nalifuata tawi kwa mkono toka kwenye shina, napita pale palipozaa mwaka huu naangalia mbele yake kumeongezeka pingili ngapi, zikiwa nyingi na zimenenepa naliacha, kikiwa ni kijincha tu basi tawi limechoka, linaondoka. Yanaondoka pia yaliyokauka, yanayolala chini na yale yanayorudi ndani kubanana, ili mwanga uingie na majani yakauke haraka mvua ikipita, kwa sababu kutu ya majani na chulebuni, ule ugonjwa wa kuoza matunda ya kahawa, vinapenda sana unyevu.

Maotea, yale machipukizi yanayotoka kwenye shina, usiyasubiri yawe miti. Yapitie mara kwa mara yakiwa bado laini, unayatoa kwa mkono tu. Acha mashina mawili au matatu, na kama kuna moja limezeeka chagua otea zuri lililotokea chini kabisa ulilee kwanza, likishika ndo uondoe la zamani.

Sasa kwenye kukata visiki, yaani kuukata mkahawa uliozeeka ubaki kisiki ili uchipue upya, ndo watu wanaumia. Kata sentimita 30 hadi 45 toka ardhini, mshazari ili maji yasituame, na tumia msumeno, panga linapasua shina na vimelea vinaingilia hapohapo. Na tafadhali usikate shamba zima kwa mpigo, utakaa kama miaka miwili bila kuvuna cha maana na ada za watoto zinasubiri, kata robo mwaka huu, robo mwingine mwakani, hivyohivyo mpaka uzunguke.

Halafu kama una migrivea ya kivuli, anza na hiyo kupunguza matawi kabla hujashuka kwenye kahawa, maana likidondoka gogo moja linavunja yale matawi uliyokwisha kuyachagua.