Dar hadi Tanga kwa gari, wawili, siku nne

Mdau uliyeuliza kama siku nne zinatosha kwa honimuni yenu Dar hadi Tanga, kwa hiyo Vitz yenu ndogo zinatosha kabisa, ila hilo wazo lenu la kukatiza ndani ya hifadhi ya Saadani liacheni kama mvua imeshaanza, mtakwama na honimuni iishie kusukuma gari.

Siku ya kwanza lalani Bagamoyo. Asubuhi mtembee mpaka magofu ya Kaole, ni kama kilomita 5 kutoka mjini, ila msiende wenyewe ufukweni na simu mkononi, chukueni kijana mwenyeji mkubaliane bei kabla. Halafu shikeni barabara ya Msata, Segera, lami mpaka Tanga, na pale Muheza msipite bila machungwa.

Sasa Tanga ndo penyewe. Mapango ya Amboni nusu siku, alafu Tongoni, kuna msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40 karibu kabisa na bahari, sisi tulikaa pale hadi jua linazama tukasahau hata kula. Kutembea ufukweni kwanza muulize mvuvi maji yanajaa saa ngapi, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mimi na mama watoto tulirudi maji kiunoni viatu kichwani mpaka leo ananisema. Vaeni raba, matumbawe yanakata balaa.

Chakula achaneni na hoteli. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, usiku pweza wa barabarani na mihogo, pilipili omba pembeni maana ya kule haina utani.

Shemeji yetu anakula pweza lakini?