Anayeuliza "Zimbabwe iko wapi?" msimcheke

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Maoni ya wanunuzi mtandaoni chini ya albamu za mkusanyiko wa vibao, ni ya kusoma au ni ya kucheka tu?" Jibu langu ni refu, kwa sababu maoni haya nayasoma kwa mapenzi na nayacheka kwa mapenzi hayohayo.

Tuanze na kicheko, maana kipo na ni halali. Fungua ukurasa wa mkusanyiko wowote maarufu kwenye duka kubwa la mtandaoni, uteremke mpaka kwenye nyota moja. Huyu kanyima nyota nne kwa sababu kasha la plastiki lilifika limepasuka. Yule kakasirika kwa kuwa kifurushi kiliachwa kwa jirani. Ni sawa na kumlaumu mpishi kwa sababu bodaboda kamwaga mchuzi njiani. Ukipanda juu kwenye nyota tano unamkuta mwingine anayesifu kwa moyo wote, halafu anaeleza kwamba bado hajaisikiliza, ni zawadi ya mama mkwe na sikukuu haijafika. Kuna anayelalamika kwamba mkusanyiko wa miaka ya 80 umejaa nyimbo za zamani. Kuna aliyenunua mkusanyiko wa Krismasi, kisha anashusha nyota kwa kuwa kila wimbo ni wa Krismasi. Na kuna yule ninayempenda kuliko wote, aliyeandika aya tatu ndefu, kwa hasira ya kweli, kwamba nyimbo zote hizo tayari anazo nyumbani.

Hawa nawacheka bila kusita. Wameulizwa habari za muziki, wao wamejibu habari za posta, za mkwe na za kabati lao la sidii.

Ila sehemu kubwa ya vituko hivyo haikuanzia kwa mnunuzi. Maduka ya mtandaoni yana tabia ya kumwaga maoni yote kwenye kapu moja: ya sidii, ya santuri na ya toleo lililosafishwa upya, hata ya matoleo ya nchi tofauti. Mtu analalamika kuhusu mkwaruzo wa santuri, na lalamiko lake linatokea chini ya sidii. Chukueni Greatest Hits ya kundi la Queen ya mwaka 1981, albamu iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Uingereza, zaidi ya nakala milioni 7. Toleo la Marekani la mwaka huohuo liliingiza "Under Pressure", wimbo walioimba na David Bowie. Toleo la Uingereza halikuwa nao. Sasa wawekeni Mmarekani na Mwingereza kwenye ukurasa mmoja: mmoja anausifu wimbo ule, mwenzake analia kwamba haumo. Msomaji anayepita anaona vichaa wawili, kumbe wote wawili wamesema kweli tupu kuhusu kitu walichokishika mkononi.

Kuna jambo lingine linalonifanya niyatetee maoni haya. Albamu za mkusanyiko karibu hazina mhakiki mwingine. Msanii akitoa albamu mpya, magazeti yanaandika kurasa. Mkusanyiko unapata mistari miwili mitatu, au haupati kitu, kwa hoja kwamba hakuna jipya ndani yake. Hata chati ziliusukuma pembeni: Januari 1989 Uingereza iliitoa mikusanyiko ya wasanii mbalimbali kwenye chati kuu ya albamu na kuipa chati yake. Lakini watu wameendelea kuinunua. Mfululizo wa mikusanyiko wa Now That's What I Call Music ulianza tarehe 28 Novemba 1983, santuri mbili zenye nyimbo 30, 11 kati yake zikiwa zimeshika namba moja. Jina lake lilitokana na bango la zamani la tangazo la nyama ya nguruwe ya Denmark, nguruwe akimsikiliza kuku anayeimba. Richard Branson, mwenye kampuni ya muziki ya Virgin, alilinunua akampa binamu yake Simon Draper, aliyekuwa akifanya naye kazi humo. Mwaka 2018 mfululizo ule ulifika toleo la 100. Vizazi viwili vya Waingereza vimejifunza pop kwa njia hiyo, na ukitaka kujua toleo fulani lilikuwa zuri au bovu, utakwenda kumuuliza nani kama si mnunuzi?

Mnunuzi huyo, akiwa mzuri, anaona mambo ambayo kampuni isingependa yaonekane. Mfano ni mkusanyiko wa ABBA Gold uliotoka Septemba 1992. Matoleo yake ya mwanzo yaliuweka "The Name of the Game" ukiwa umekatwa karibu dakika nzima, na wimbo mzima ulirudishwa katika toleo la 1999. Kwenye kava hakuna pengo linaloonekana. Jina la wimbo lipo, mnunuzi anaridhika. Anayegundua ni yule aliyeusikiliza wimbo ule ujana wake wote na anajua pumzi ya kila ubeti. Akifika pale mahali anakuta ngazi imeng'olewa. Akienda mtandaoni kuandika kwa herufi kubwa kwamba wimbo umekatwa, watu wanamwona msumbufu. Mimi namwona ndiye msikilizaji.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Mimi na rika langu tulimjua Bob Marley kwa Legend. Ilitoka Mei 1984, miaka mitatu baada ya kifo chake, ikiwa na nyimbo 14, na kanda zake, za halali na za kunakiliwa, zilizunguka kwenye daladala na matatu mpaka utepe ukawa unalia. Kwa wengi wetu ile ndiyo Bob Marley yote. Chini ya Legend utakuta nyota tano bila idadi, na katikati yake mtu mmoja mmoja mwenye nyota mbili anayeuliza kuhusu nyimbo zisizomo: "Zimbabwe" iko wapi? "War" iko wapi? "Africa Unite" je? Wanaompita wanamjibu kwa dhihaka, kwamba hii ni albamu ya vibao, nenda kanunue nyingine.

Swali lake ni zito, na jibu lake linajulikana. Aliyeipanga albamu ile, Dave Robinson, wakati huo akiiendesha kampuni ya Island, amesimulia mwenyewe kwamba alitaka kuwafikia wanunuzi weupe ambao hawakuwa wakimnunua Marley, na kwamba utafiti wa soko ulimwelekeza kwenye sura laini: mapenzi, jua, amani, na picha ya kava ya mtu aliyezama katika fikra. Kibiashara alifaulu kupita kiasi. Ukiangalia orodha utaona vibao vyote vya Marley vilivyokuwa vimeingia 40 bora za Uingereza mpaka wakati huo, na juu yake nyimbo chache za kuongezea. Nitende haki: "Get Up, Stand Up" imo, "Exodus" imo, "Redemption Song" imo. Hakung'olewa meno yote. Lakini angalieni kilichoachwa nje. "War" ni hotuba ya Haile Selassie mbele ya Umoja wa Mataifa, Oktoba 1963, iliyotiwa muziki. "Zimbabwe" ilitoka 1979 kwenye Survival, albamu ambayo kava lake limejaa bendera za nchi za Afrika, wakati vita vya ukombozi bado vinapiganwa. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980 Marley aliuimba wimbo huo kwenye uwanja wa Rufaro, mjini Harare ambao wakati huo ulikuwa bado unaitwa Salisbury. Umati uliokuwa nje ukasukuma kuingia, polisi wakapiga mabomu ya machozi, moshi ukafika jukwaani, na inasimuliwa kwamba yeye alibaki pale.

Mkusanyiko unaobeba jina la mtu ukamwachia "Three Little Birds" na kumnyang'anya usiku ule, si haki kumcheka anayeuliza. Anafanya kazi ambayo wahakiki wa Ulaya wamelazimika kuifanya baadaye kwa makala ndefu, yeye kaifanya kwa mistari minne na nyota mbili. Na sisi wa huku tulipaswa kuwa wa kwanza kuuliza.

Kuna pia wanaolalamikia sauti, na hawa wameokoa pesa za watu wengi. Shemeji yangu aliwahi kununua mkusanyiko wa nyimbo za soul za miaka ya 60 kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, kwa bei ya kutupa. Tuliuweka jioni, familia nzima ikiwa sebuleni. Waimbaji walikuwa ndio wenyewe, lakini sauti zilikuwa zimezeeka, ngoma zilikuwa za mashine, na tarumbeta zilitoka kwenye kinanda. Nilipogeuza kasha, chini kabisa, kando ya ile mistari ya bei, kulikuwa na maandishi madogo kuliko mbegu ya ufuta yaliyosema kwamba nyimbo zilirekodiwa upya na wasanii wa awali. Kwenye ukurasa wa duka, mnunuzi mmoja wa nyota mbili alikuwa ameshaeleza yote, wimbo kwa wimbo, upi ni rekodi ya zamani na upi ni ya kurudia. Juu yake kulikuwa na safu ya nyota tano za watu waliofurahia bei.

Sababu ya mchezo huu ni hakimiliki. Rekodi ya kwanza mara nyingi ni mali ya kampuni, si ya mwimbaji, na kuipata kwa ajili ya mkusanyiko kunadai leseni na malipo. Mwimbaji akiruhusiwa na mkataba wake kuimba upya baada ya miaka kadhaa, kampuni ndogo inamlipa siku chache za studio na kupata "kibao" kwa bei nafuu. Kwa hiyo wimbo unaoutafuta ama haumo, kwa kuwa mwenye rekodi amekataa, ama umo kwa jina tu. Zamani Waingereza walikwenda mbali zaidi. Tangu 1968 kulikuwa na mfululizo wa santuri za bei rahisi, Top of the Pops, ambamo waimbaji wa kukodiwa waliviimba vibao vya wengine vikafanana iwezekanavyo. Elton John, kabla hajajulikana, alikuwa mmoja wa vijana walioimba kazi za namna hiyo. Mwaka 1971 matoleo mawili ya mfululizo huo yalifika namba moja kwenye chati ya albamu, na mwanzoni mwa 1972 santuri za bei hiyo zikaondolewa kwenye chati. Laiti kungekuwa na nyota moja za mtandaoni siku zile, watoto wengi wasingevunja kibubu kwa ajili ya sauti ya mtu wasiyemjua.

Siwatetei wote. Wako mashabiki wa Beatles waliopunguza nyota kwenye albamu yao iitwayo "1", ya Novemba 2000, kwa sababu "Strawberry Fields Forever" haimo. Sharti la albamu liko kwenye jina: wimbo uwe ulishika namba moja Uingereza au Marekani. "Penny Lane", iliyotoka nao kwenye santuri moja mwaka 1967, iliingia kwa kuwa iliongoza Marekani, na mwenzake akabaki nje. Kuuliza zaidi ya hapo ni kubishana na hesabu. Lakini yule anayeuliza kuhusu "Please Please Me" nampa kiti. Mwaka 1963 Uingereza ilikuwa na chati zaidi ya moja. Katika magazeti ya muziki ya NME na Melody Maker wimbo huo ulishika namba moja. Katika chati ya Record Retailer, ambayo ndiyo iliyokuja kuhesabiwa rasmi, uliishia namba mbili. Mzee anayekumbuka kuuona namba moja kwenye gazeti lake aliuona kweli. Mkimcheka, mnamcheka shahidi.

Kwa hiyo ninavyoyasoma ni hivi. Nyota tano na nyota moja nazipitia kwa kasi, kwa burudani. Natulia kwenye mbili na tatu, kwa sababu huko ndiko aliko mtu aliyependa kitu na kukuta hakikutimia. Asiyetaja hata wimbo mmoja namwacha na kasha lake lililopasuka. Aliyetaja wimbo, dakika na toleo, huyo namsoma mpaka mwisho, hata akiwa ameandika bila nukta wala mkato. Na ninyi wa gazeti, mna ukurasa wa muziki kila toleo na sijaona hata mara moja mkusanyiko wa vibao ukichambuliwa humo. Anzeni na Legend, muwe na Survival mezani mnapoandika.